Wiki Ambayo Kitongoji Kizima Hakikufanya Kazi

Ilianza Jumatano, saa kumi na dakika ishirini jioni. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ofisi ya kijiji kimoja cha juu ya Rubya, wilayani Muleba, nikila ndizi ya kuchoma. Dada Salome alikuwa amevua viatu, ameanika soksi zake juu ya jiwe. Simu yake ikalia. Alipoona jina la anayepiga akakaa wima, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu wa nidhamu.

"Shikamoo, Mama."

Akasikiliza. "Hapana, Mama." Akasikiliza tena. "Hapana, nyumba zote tulifika kwa miguu yetu." Akaziokota soksi zake. "Sawa, Mama. Tunakusubiri hapa hapa."

Akakata simu, akaanza kuvaa soksi ambazo bado zilikuwa mbichi.

"Kemi," akaniambia bila kunitazama, "Mama Neema anasema nimepika takwimu."

Wadogo zangu mnaosubiri matokeo ya kidato cha nne, nawaandikia ninyi. Nimesikia baadhi yenu mmeulizwa kama mnaweza kuwa wakalimani wa utafiti wa nguvukazi msimu ujao, na mdogo wangu Asimwe amenisumbua nimweleze kazi yenyewe ikoje. Kusema mbele ya watu siwezi, mnanijua. Nilikuwa nikisimama darasani, sauti inabaki kwenye kola ya shati. Kwa hiyo naandika, maana kuandika nimezoea, daftari la mambo ya kila siku ninalo tangu kidato cha kwanza. Na kwa kuwa kazi nimeshaiacha, tena baada ya misimu miwili mizima, naomba mniite mstaafu. Nina miaka kumi na tisa. Asimwe aliposikia neno mstaafu alicheka mpaka akamwaga chai. Acheni acheke.

Mnasikia redioni kwamba ukosefu wa ajira umepanda au umeshuka. Mimi zamani nilidhani kuna bwana mmoja ofisini anayekisia, au kwamba wanahesabu barua za maombi ya kazi. Kumbe ile namba inaanzia kwenye mkeka wa mtu. Yanachaguliwa maeneo machache nchi nzima, ndani ya kila eneo zinachaguliwa kaya chache, halafu mdadisi anaingia nyumba hadi nyumba na kishikwambi chake. Anamuuliza kila mtu mkubwa, mmoja mmoja: siku saba zilizopita ulifanya nini? Kaya moja inayojibu inasimama badala ya kaya nyingine nyingi ambazo hakuna aliyezifikia. Ndiyo maana dada Salome alikuwa akinikemea nikiharakisha. "Ukikosea kwa mama huyu," alisema, "umekosea pia kwa akina mama ambao hutawaona maisha yako yote."

Yeye ndiye alikuwa mdadisi wangu. Ni mtu wa Singida, Kihaya hajui hata cha kuomba maji. Na huku kwetu wazee wengi, hasa akina mama, Kiswahili chao kinatosha sokoni na kanisani, lakini ukiwauliza mambo marefu wanarudi kwenye Kihaya. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nyumbani kwetu ni Kagondo, Bukoba mjini, ila likizo zangu zote nilizimalizia Muleba kwa bibi, kwa hiyo Kihaya changu ni cha kikongwe. Nikiongea, vijana wa mjini wananiuliza kama nimefufuka.

Kilichonivutia kwenye kazi hii nitawaambia ukweli: mkalimani hasemi lake. Kwenye semina pale Bukoba tulielezwa kwamba mkalimani hana maoni, anapitisha swali, anapitisha jibu, basi. Wenzangu walinuna. Mimi nilifurahi kama mtu aliyeshonewa gauni kwa vipimo vyake. Nitalipwa kwa kuwa mdomo wa mtu mwingine!

Mtihani wa kwanza mtakaokutana nao ni ile saa moja. Kwa kanuni za utafiti, ukifanya kazi ya kukuingizia kipato hata kwa saa moja tu ndani ya siku saba, unahesabiwa una ajira. Siku moja tulikuwa tumejikinga mvua kwenye kijiwe cha bodaboda, vijana wakamuuliza dada Salome hao wasio na ajira wanahesabiwaje, naye akawaambia habari ya saa moja.

"Saa moja?" akasema kijana mmoja mwenye koti la mvua lililochanika bega. "Mimi tangu Jumatatu nimebeba abiria mmoja, na huyo ni shangazi yangu, na hajalipa."

"Hajalipa au atalipa?" dada Salome akamuuliza.

"Dada, wewe huwajui mashangazi wa Kihaya."

"Lakini ulitoka na pikipiki ukakaa barabarani kutafuta abiria?"

"Kila siku, tangu asubuhi."

"Basi ulikuwa kazini."

"Jamani, nimeajiriwa!" akawapigia kelele wenzake. "Mtu apige simu nyumbani, mzee achinje!"

Walicheka mpaka mvua ikaisha. Dada Salome aliwaacha wacheke, kisha akawaambia kuna swali jingine: ulifanya saa ngapi, na kama ungepata saa zaidi ungezitaka? "Hapo ndipo unapoonekana wewe," akamwambia yule wa koti. "Huhesabiwi kama mtu asiye na ajira. Unahesabiwa kama mtu ambaye ajira yake haimtoshi. Ni namba nyingine, na inaandikwa pembeni." Kijana akaacha kucheka. Akasema, "Basi hiyo ya pembeni ndiyo waisome redioni."

Tangu siku ile nikisikia watu wanabishana kwamba takwimu za ajira ni uongo, namkumbuka. Mara nyingi si uongo, wamesoma namba moja wakaiacha jirani yake. Na kuna wengine hawamo kabisa. Mwanafunzi asiyetafuta kazi hamo, bibi asiyejiweza hamo. Hao wanasemwa wako nje ya nguvukazi. Ile asilimia wanayoitangaza ni ya walio ndani tu: wenye ajira, na wasio nayo ambao wako tayari kufanya kazi.

Mtihani wa pili ni wetu sisi watu wa Kagera, nao ni kibanja. Mnajua nyumba za kwetu zilivyo, migomba mbele na nyuma, mibuni katikati, maharage chini yake. Sasa dodoso linataka kujua kama unachozalisha ni hasa cha kuuza au hasa cha kula nyumbani. Kama ni hasa cha kuuza, kazi yako inahesabiwa ajira. Kama ni hasa cha kula, ni kazi, hakuna anayekataa, lakini kwa kanuni za kimataifa inawekwa kwenye kundi lake.

Mwenyekiti mmoja wa kitongoji, Ta Kalisti (tunasema Ta kumheshimu mwanamume mkubwa, na Ma kwa mwanamke), alijibu hivi:

"Za kuuza au za kula? Kwani mkungu wenyewe unajua? Mteja akitangulia, nauza. Njaa ikitangulia, nakula."

Dada Salome alikitazama kishikwambi, akanitazama mimi, akakitazama tena. Hapakuwa na pa kubonyeza. Ndipo nikaona ujanja wake. Aliacha kuuliza juu ya kibanja kizima, akauliza ya msimu uliopita: kahawa ilikwenda wapi? Ndizi je? Kati ya hizo, zipi zilikuingizia zaidi? Ta Kalisti akasimulia mwenyewe, jibu likajileta. Na mtu akikwambia hakumbuki wiki yake, usimlaumu. Mrudishe nyuma polepole. Jana ulikuwa wapi? Juzi je? Jumapili baada ya misa ulielekea wapi? Mtu akianza kutembea kinyumenyume hivyo, kila siku inakuja na kazi yake mkononi.

Mengine ni madogo lakini yatawasaidia. Msiende nyumba za watu asubuhi mapema, wako shambani. Mkiletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, pokeeni, tafuneni, mmalize ndipo muanze maswali. Mkitafsiri huku mnatafuna, mzee atawaona hamna adabu, na ana haki. Msianze na neno serikali, maana nusu ya nyumba itawaza kodi na nusu itawaza mbolea ya ruzuku. Baba akitaka kuwajibia wanawe wakubwa, mwacheni amalize, kisha mwombeni kwa upole awaite wenyewe. Na mkitoka kwenye nyumba, mliyoyasikia yabaki kwenye nyumba. Nami humu nimebadilisha majina, na niliyoyaandika ni yale tu ambayo wenyewe waliyasema hadharani au wameniruhusu.

Sasa turudi Jumatano.

Mama Neema alikuwa msimamizi wetu, mwanamke wa Iringa, mrefu, mwenye kuvaa miwani kwenye kamba. Kila jioni majibu yetu yalikuwa yakisafiri kwa mtandao, naye anayapitia akiwa Muleba mjini. Siku ile alikuwa amekuta kitu ambacho hakijawahi kutokea. Katika kitongoji tulichokimaliza mchana huo, hakuna hata mtu mzima mmoja aliyefanya kazi ndani ya zile siku saba. Msimu wa kahawa! Muleba! Baadhi walionekana hawana ajira, wengine walionekana wametoka nje ya nguvukazi kabisa.

Msimamizi akiona hivyo anawaza jambo moja. Kwenye dodoso, mtu akisema hapana kwenye maswali ya kazi, maswali mengi yanayofuata yanarukwa. Mdadisi mvivu anaweza kukaa kivulini, akabonyeza hapana, hapana, hapana, akamaliza kitongoji kabla ya chakula cha mchana. Huko ndiko kupika takwimu. Na mdadisi akishapewa jina hilo haitwi tena kwenye utafiti wowote.

Dada Salome alikuwa na mtoto wa miaka mitatu aliyemwacha kwa mama yake Singida. Alikuwa amefanya tafiti za muda mfupi mfupi tangu amalize chuo, akisubiri siku atakapoajiriwa moja kwa moja. Msimu ule aliahidiwa kwamba wadadisi wenye kazi safi watakumbukwa. Sasa gari la Mama Neema lilikuwa njiani.

Akatokea Bosco, mdadisi mwenzake wa eneo la jirani, akaambiwa habari. Bosco ni mtu wa utani hata mahali pasipo na nafasi.

"Kwa hiyo kuanzia kesho tutakuhesabu wewe," akasema. "Siku saba zilizopita ulifanya kazi, dada?"

"Bosco, toka."

Akachuchumaa, akashusha sauti. "Sikia. Hajafika bado. Fungua kaya moja moja, pale penye hapana weka ndiyo. Wakulima hawa, nani atauliza? Na ukweli ni kwamba wanalima. Hutadanganya."

Dada Salome alikishika kile kishikwambi kwa mikono miwili. Niliona kidole gumba chake kikitembea juu ya kioo bila kubonyeza. Nilijua anamfikiria mtoto, maana mimi pia nilikuwa namfikiria, na hata sijawahi kumwona.

"Walisema hapana," akasema mwishoni. "Nikibadilisha, nitakuwa kile kile anachokidhania."

"Basi ufukuzwe na usafi wako."

"Haya."

Mimi sababu nilikuwa naijua. Nawaambia kama nilivyoandika kwenye daftari: nilikuwa naijua, na sikuisema.

Kitongojini pale alikuwa amefariki mzee mmoja, mwanzoni mwa wiki iliyotangulia. Mwili ukasubiri watoto wafike kutoka Mwanza na Dar es Salaam, akazikwa Jumamosi. Sisi tuliingia kuuliza maswali Jumanne. Kwetu, wenyeji wanaoshika mila, jirani akifa jembe linawekwa chini mpaka siku za msiba ziishe. Halimwi, haichumwi kahawa. Na si mikono tu inayopumzika. Hata kukizungumzia kibanja chako hupaswi. Mtu akikuuliza habari za mavuno na jirani yako yuko ardhini juzi tu, unajibu hapana, hakuna, unatazama chini. Ukianza kueleza kahawa yako ilivyozaa utaonekana huna utu.

Dada Salome alijua kuna msiba. Alitoa pole kwa wafiwa, na nyumba yao tukaiacha iwe ya mwisho. Lakini aliniambia baadaye kwamba kijijini kwao majirani huzika, na kesho yake wanaonekana mashambani, kwa hiyo hakuwaza kwamba msiba wa nyumba moja umesimamisha majembe yote. Alipouliza, "Je, una shughuli uliyoiacha kwa muda tu na utairudia?", niliitafsiri vizuri kabisa. Watu wakatazama chini, wakasema hapana. Nikapitisha hapana. Nilidhani anaelewa. Nani asiyeelewa mambo ya msiba?

Gari likafika jua likiwa limeshuka kwenye migomba. Mama Neema hakuketi.

"Nyumba ya karibu ni ipi?"

"Ni ya Ma Yustina, Mama," dada Salome akajibu.

"Twende. Mkalimani, njoo. Bosco, na wewe njoo uwe shahidi."

Ma Yustina ni mjane, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayependa kucheka. Tulimkuta barazani kwake, amekaa tu, mikono mapajani. "Nyegera waitu," akasema, yaani karibuni, akaanza kuinuka alete mkeka. Mama Neema akamzuia kwa mkono.

"Muulize," akaniambia, "siku saba zilizopita alifanya kazi yoyote shambani au ya kipato? Hata saa moja."

Nikauliza. Ma Yustina akatazama chini. "Hapana, waitu."

"Muulize kama ana shughuli aliyoiacha kwa muda tu."

Nikauliza. "Hapana."

Dada Salome akashusha pumzi. Nadhani alifikiri yameisha, msimamizi amesikia kwa masikio yake kwamba majibu hayakupikwa. Lakini Mama Neema alikuwa akitazama nyuma ya nyumba, kwenye mibuni, ambako matawi yalikuwa mekundu tupu.

"Kahawa imejaa mpaka mlangoni," akasema taratibu, "na mama huyu hana shughuli yoyote. Salome, mmewaambia nini watu hawa? Mmewaambia wakisema hawana kazi wataletewa msaada?"

"Hapana, Mama! Haki ya Mungu."

"Basi ni mkalimani wako. Ni wa huku huku. Anawapanga ndugu zake."

Dada Salome hakunitazama. Angeweza kusema, ndiyo, labda ni mkalimani, na pengine angepona. Alisema, "Kemi hawezi kufanya hivyo. Kemi hasemi hata la kwake."

"Mama," nikasema.

Hakunisikia. Bosco akasema, "Nadhani ametoa sauti."

"Mama, samahani. Si hivyo." Nilikuwa naongea na kamba ya miwani yake, si na uso. "Wako msibani. Kitongoji kizima. Jembe halishikwi mpaka msiba uishe, na kahawa hawawezi kuisema. Ukiwauliza watakataa tu. Hata bibi yangu angekataa."

"Na wewe ulijua hili tangu lini?"

"Tangu tunaingia."

"Mbona hukumwambia mdadisi wako?"

"Tuliambiwa mkalimani hana maoni."

"Nani aliwaambia upuuzi huo?"

"Wewe, Mama. Siku ya pili ya semina."

Bosco akapata kikohozi cha ghafla, akageukia ukutani. Mama Neema akavua miwani.

"Mwanangu, hayo si maoni," akasema. "Hizo ni habari. Habari unampa mdadisi wako, halafu anaamua yeye namna ya kuuliza."

Akashuka barazani, akaingia kwenye mibuni. Tulimwona akiinama. Chini ya miti punje zilizoiva zilikuwa zimeanguka, nyingine zimeshakuwa nyeusi. Alirudi nazo kiganjani. Ma Yustina, ambaye muda wote alikuwa anatusoma nyuso, akaniuliza kwa Kihaya huyu mama mkubwa ana ugomvi gani na kahawa yake.

Nikamwambia. Kwanza nikapiga magoti, nikampa pole ya msiba, pole yangu mwenyewe, ambayo siku nzima ya Jumanne sikuitoa kwa sababu hakuna aliyeniambia niitafsiri. Ndipo nikamwambia kwamba wageni hawa wanadhani amekaa bila kazi kwa kupenda.

"Mimi?" akasema. Akacheka, kisha akajifunika mdomo na kanga kwa kukumbuka msiba. "Mwambie marehemu ndiye aliyenipa miche ya ile miti, mume wangu alipokufa na sikuwa na kitu. Sasa niichume yeye akiwa na udongo mbichi juu yake? Ianguke. Nitaokota. Msiba tunaumaliza kesho alfajiri, na kesho hiyo hiyo hamtatukuta barazani."

Nikatafsiri yote, hata kicheko. Mama Neema akavua viatu. Akauchukua yeye mwenyewe ule mkeka uliokuwa umeegemezwa ukutani, akautandika, akaketi, akasema kwa Kiswahili, "Pole sana, mama yangu." Hiyo haikuhitaji mkalimani. Ma Yustina akaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna, tukatafuna wote kimya, hata Bosco.

Ndipo swali likaulizwa upya: kama si msiba huu, wiki iliyopita ungekuwa unafanya nini? Unarudi lini? Kahawa hii ikishakauka inakwenda wapi? Ma Yustina alijibu kwa heshima, kwa sauti ya chini, lakini alijibu. Na kwenye kishikwambi, kwenye orodha ya sababu za mtu kutokuwepo kazini kwa muda, sababu ya msiba ilikuwepo, inasubiri tu mtu aifikie. Ma Yustina akatoka kwenye kundi la wasio na ajira, akarudi kwenye wenye ajira ambao hawakuwepo kwa muda, mahali alipostahili kuwa.

"Kesho mnarudia kaya zote," Mama Neema alisema tukirudi kwenye gari. "Pole kwanza, kahawa baadaye. Hakuna kumwekea mtu jibu mdomoni. Atakayesema hapana baada ya kuelezwa vizuri, ni hapana. Mimi nitaandika maelezo ya eneo hili, makao makuu wasishangae." Akafungua mlango wa gari, akasimama. "Salome, nilikuwa nimekuja na karatasi ya kukuondoa. Naona nirudi nayo nikawashie jiko. Nisamehe."

Dada Salome alisema asante, sauti ikakatika katikati. Gari lilipoondoka aliketi chini pale pale kwenye vumbi, na sare yake, akaanza kucheka huku machozi yanatoka. Mimi nikaketi pembeni yake. Sijawahi kuusikia mwili wangu mwepesi namna ile.

"Basi nakufuta kwenye hesabu yangu," Bosco akamwambia. "Una ajira, dada. Ila umechafuka."

"Nipe mkono niinuke, mpishi wewe."

Tulipofika kwenye chumba tulichopanga, alimpigia mama yake simu, akaomba aongee na mtoto. Mtoto hakutaka kuongea, alitaka kuimba. Akamwacha aimbe wimbo wote.

Msije mkadhani, wadogo zangu, kwamba baada ya siku ile nimekuwa msemaji. Hata sasa nikiingia dukani nasubiri mwenye duka anione. Lakini kazini nilianza kuongeza sentensi moja kila tulipofika nyumba mpya, kabla ya kubisha hodi: "Dada, kuna jambo hapa unapaswa kulijua." Wakati mwingine lilikuwa ni harusi, wakati mwingine ni kwamba baba wa nyumba na kaka yake hawaongei, wasiulizwe pamoja. Mkipewa kazi hii, mtapewa pia ile kanuni ya kupitisha swali na kupitisha jibu, na ni kanuni nzuri, ishikeni. Msiongeze neno kwenye jibu la mtu. Ila mkiona swali linapita juu ya vichwa vya watu kama ndege, msikae kimya. Mwambieni mdadisi wenu, pembeni, kwa heshima.

Alhamisi asubuhi tuliondoka mapema kuliko siku zote. Ukungu ulikuwa bado umelalia bonde, na kabla hatujafika kitongojini tulisikia majembe. Nyumba zilikuwa wazi, baraza tupu, watu wote wako ndani ya migomba. Tulimkuta Ma Yustina juu ya kigoda, kati ya mibuni, anavuta matawi.

"Wakola waitu kwa kuja," akasema, akishukuru bila kugeuka. "Lakini leo sina mikono ya maswali. Kikapu kiko pale."

Dada Salome akanitazama. Nikamtafsiria. Akaingiza kishikwambi kwenye mkoba, akauliza kama kuna kikapu cha pili, maana tulitakiwa kumsubiri mwanawe mkubwa, ambaye Jumanne naye alisema hapana.

Nikakunja sketi, nikachukua kikapu, nikachuma kuanzia matawi ya chini, zilizoiva tu, mbichi nikaziacha. Yule kijana alipotokea upande wa pili wa mbuni, na mzigo wa majani makavu kichwani, nilimsubiri autue. Nikampa pole ya msiba. Akaitika. Kisha dada Salome akaniashiria, nami nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuhitaji kurudiwa, siku saba zilizopita zilimkuta wapi.